Taa ya Joto katika Bruda ya Vifaranga: Kuzuia Majeraha ya Kuungua na Ajali za Moto Nyumbani

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti baridi ya Umatengo haibaki nje ya nyumba. Ukungu hutanda juu ya mashamba ya kahawa hadi jua linapopanda, na usiku hata mtu aliyejifunika mablanketi mawili huisikia. Huo ndio msimu ambao wafugaji wadogo wa Mbinga mjini, Kitura na vijiji vya jirani hutafuta taa ya joto kwa ajili ya vifaranga wao. Taa hiyo ni balbu kubwa, nyekundu au nyeupe, yenye nguvu ya wati 100 hadi 250, ambayo kazi yake si kuangaza bali kupasha joto. Huuzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo na ya vifaa vya umeme, na mara nyingi mnunuzi haelezwi jambo lolote zaidi ya bei.

Kwa nyumba nyingi za ukanda huu taa ya joto bado ni kifaa kigeni. Njia ya kusafirisha umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo miji ya Mkoa wa Ruvuma ilitegemea majenereta ya dizeli, na kuwasha balbu ya wati 250 usiku na mchana kwa wiki tatu lilikuwa jambo la wachache. Vifaranga walilelewa na kuku mama, au kwa jiko la mkaa. Hatari za jiko zinajulikana na kila aliyekulia karibu nalo. Hatari za taa hazionekani kwa urahisi hivyo, kwa kuwa taa haitoi moshi wala cheche.

Tena bruda nyingi za wafugaji wadogo haziko katika banda la mbali. Ziko jikoni, stoo au pembeni mwa sebule, ukuta mmoja na chumba wanamolala watoto. Ndiyo maana tunaliona suala hili kuwa la usalama wa kaya nzima, si la kuku peke yao. Katika makala haya tunaeleza jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayasemi: balbu huuzwa kwa wati, lakini kuungua huamuliwa zaidi na umbali iliko taa, na kitu inachoning'inia.

Joto la taa linavyosafiri

Mtu anayesimama juani saa moja asubuhi mwezi Julai huhisi mgongo ukipata joto ilhali hewa inayomzunguka bado ni ya baridi. Taa ya joto hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Miali yake haipashi hewa kwanza. Hupasha kile inachokigusa, yaani mgongo wa kifaranga, maranda yaliyo sakafuni, ukingo wa boksi, au pazia lililo jirani. Kwa sababu hiyo kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi 22 za Selsiasi wakati kifaranga aliye chini ya balbu anaungua.

Jambo la pili ni kwamba nguvu ya miali hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali na chanzo, na huongezeka haraka vilevile unaposogea. Ukiishusha taa kutoka sentimita 60 hadi 30, umbali umepungua kwa nusu, lakini joto linalomfikia mnyama haliongezeki mara mbili tu. Hukaribia mara nne. Mfugaji anayeishusha taa "kidogo tu" kwa kuwa usiku umekuwa wa baridi hufanya mabadiliko makubwa kuliko anavyodhani.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini mnyama asikimbie anapohisi joto limezidi? Wakati mwingine hukimbia, iwapo ana pa kwenda. Wakati mwingine hakimbii. Huko Ulaya na Marekani, ambako watu hufuga vinyonga majumbani, wakiwamo wa jamii zinazopatikana katika milima ya Tanzania, madaktari wa wanyama hukutana na vinyonga walioungua kichwani na mgongoni kwa sababu ya taa za namna hii. Kinyonga hupanda tawi kulifuata joto, hutulia hapo, na ngozi yake huungua polepole pasipo yeye kuondoka. (Kwetu sisi kinyonga ni mnyamapori, na kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo hatutarajii msomaji wetu awe na kinyonga sebuleni, hata kama hamwogopi.) Kifaranga ni mwepesi zaidi kuliko kinyonga, lakini akiwekwa ndani ya boksi dogo ambalo lote limefikiwa na miali, wepesi huo haumsaidii.

Kifaranga anahitaji joto kiasi gani

Kifaranga aliyeanguliwa leo hana uwezo wa kutosha wa kulinda joto la mwili wake, na hubaki hivyo kwa takribani wiki mbili za mwanzo. Katika wiki ya kwanza joto linalomfaa, likipimwa chini pale anaposimama, ni nyuzi 32 hadi 35. Baada ya hapo hupunguzwa kwa takribani nyuzi 3 kila wiki, hadi manyoya yanapoota vizuri, kwa kawaida katika wiki ya nne au ya tano. Joto hupunguzwa kwa kuipandisha taa juu. Si lazima kubadili balbu.

Kipimajoto cha kawaida cha bruda ni nafuu kuliko vifaranga wachache, na tunamshauri kila anayenunua taa anunue na kipimajoto siku hiyohiyo. Kiwekwe sentimita 5 juu ya maranda, chini ya balbu, kisha kihamishiwe ukingoni mwa bruda. Tofauti baina ya sehemu hizo mbili ni jambo jema, kwa kuwa humpa kifaranga nafasi ya kuchagua. Asiyekuwa nacho bado aweke kiganja chake, upande wa juu, pale mgongo wa kifaranga ulipo kwa dakika mbili. Kama mkono unamlazimisha kuuondoa, taa iko chini mno.

Hata hivyo vifaranga wenyewe husema kuliko kipimajoto. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia kingo zote, midomo wazi, mabawa yametanuliwa, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja tu, kuna upepo unaoingia kutoka upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala, mambo ni sawa. Uchunguzi huu ufanyike usiku pia, si mchana peke yake.

Tunaongeza tahadhari moja. Wengi hutafuta jeraha la kuungua kama dalili ya kwanza, yaani manyoya yaliyojikunja, ngozi nyekundu mgongoni au gamba jeusi. Vifaranga wengi huweza kufa kabla ya dalili hizo kuonekana, kwa kuhema na kupoteza maji mwilini. Aliyeungua na bado yu hai atengwe haraka, kwa maana wenzake humdonoa penye kidonda, na ushauri uombwe kwa afisa mifugo wa kata.

Mbinga si Mbamba Bay

Kutoka Mbinga kuteremka hadi Mbamba Bay ni takribani kilomita 67 za barabara ya lami, safari ambayo sasa hukamilika kabla chai iliyobaki kwenye chupa haijapoa. Lakini Mbinga iko katika nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, ilhali uso wa Ziwa Nyasa uko takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Hewa hupungua joto kwa kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo mfugaji wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi anaanza na hewa yenye joto kuliko mwenzake wa milimani, na katika miezi ya Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto la mchana pwani ya ziwa laweza kukaribia lile anayolitaka kifaranga bila taa yoyote.

Tunalisema hili kwa sababu vifaranga na taa husafiri pamoja na maelekezo. Aliyeelekezwa milimani kwamba taa ifungwe sentimita 45 na isizimwe hata kidogo, akiyapeleka maelekezo hayo ufukweni kama yalivyo, atawaunguza vifaranga wake kwa utiifu. Pwani ya ziwa taa huwa ni kifaa cha usiku na alfajiri. Mchana mara nyingi huzimwa.

Na milimani kwenyewe saa hazifanani. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Mbinga mjini aliyenunua vifaranga 60 na kuwaweka pembeni mwa stoo yenye paa la bati. Saa nne usiku hewa ya chumba ni nyuzi 16. Anaishusha taa hadi sentimita 40, vifaranga wanatulia, naye analala. Kesho yake anaondoka mapema kwenda sokoni. Ifikapo saa saba mchana jua limelipiga bati, chumba kimefika nyuzi 27, na taa iko palepale ilipoachwa usiku. Chini ya balbu joto sasa limepita nyuzi 40. Hakuna kilichoharibika, balbu ni nzima, umeme uko sawa, lakini akirudi saa kumi atakuta hasara. Angefunga mnyororo wenye ndoano mbili, moja ya usiku na moja ya mchana, mtoto yeyote mkubwa aliyebaki nyumbani angeweza kuipandisha taa saa tatu asubuhi.

Holda ndiyo huungua kwanza

Balbu moja ya wati 250 hutumia mkondo mdogo, unaozidi kidogo ampea 1, na waya mzuri wa kawaida huubeba bila shida. Kwa hiyo si waya mrefu unaopaswa kutiliwa shaka kwanza. Ni holda, yaani kile kikombe kinachoishika balbu. Taa inapoelekezwa chini, joto hupanda juu, na juu ndiko holda iliko. Holda ya plastiki, ambayo nyingi huandikwa kwamba mwisho wake ni wati 60, hukauka, hupasuka, kisha hulegea; balbu huangukia maranda makavu, nayo maranda huwaka. Waya nao, ambao ganda lake la kawaida la plastiki limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70, hukakamaa pale unapoingia kwenye holda, na shaba hubaki wazi.

Mnunuzi adai holda ya kauri, na asome nguvu iliyoandikwa juu yake. Ikiwa muuzaji anayo balbu ya wati 250 lakini hana holda ya kauri, ni heri kuondoka bila balbu. Tunafahamu kwamba ushauri huu humgharimu mtu nauli ya pili. Bado ni nafuu.

Kifuniko cha taa kiwe cha chuma chembamba chenye matundu ya kupitisha hewa juu, pamoja na wavu wa waya mbele ya kioo, ili taa ikianguka kioo kisilale juu ya maranda, na vifaranga wanaoanza kuruka katika wiki ya pili au ya tatu wasikiguse. Ndoo ya plastiki iliyokatwa haifai, itayeyuka. Sufuria kuukuu au kipande cha bati hufanya kazi, lakini waya ukichunika ndani yake bati zima hubeba umeme; kifaa cha chuma chochote kinachofungwa hapo kiunganishwe na waya wa ardhi, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA ya ufungaji wa mifumo ya umeme. Mteja ana haki ya kuomba aonyeshwe leseni hiyo, na fundi halali hatakasirika.

Taa isining'inizwe kwa waya wake wa umeme. Itundikwe kwa mnyororo au waya wa kufungia nondo, kutoka kwenye boriti, na ifungwe mara mbili, kila kifungo kikitegemea msumari wake. Kamba ya katani na ya nailoni hazifai. Kwa balbu ya wati 250, anza na sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye maranda, na uhakikishe hakuna gunia, pazia, kuta za maboksi wala makuti ndani ya nusu mita kutoka kwenye balbu. Chombo cha maji kisiwe chini yake: kifaranga akirusha maji kwenye kioo cha moto, kioo kinaweza kupasuka. Vumbi la bruda huwa jingi na huwaka, hivyo taa ipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya siku chache, ikiwa imezimwa na imepoa.

Kabla vifaranga hawajaingia, taa iwashwe katika bruda tupu kwa saa 24, usiku na mchana mmoja. Siku hiyo moja hufichua holda inayonuka, boriti inayopata moto na joto la mchana ambalo usiku halikuonekana.

Nguvu na gharama

Wengi huamini kwamba balbu kubwa ni salama zaidi kwa vifaranga. Balbu ya wati 250 hutosha vifaranga 50 hadi 100 kutegemea baridi ya mahali. Kwa vifaranga 20 katika boksi la karatasi ni kubwa mno, kwa kuwa huacha sehemu yote ikiwa ya moto. Wati 100 zaweza kutosha. Gharama nayo ina neno lake. Balbu ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6 kwa siku, na kwa siku 14 uniti 84. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, atakuwa ameuvuka ukomo huo kwa balbu moja kabla hajawasha taa nyingine yoyote, na uniti za juu ya hapo hutozwa bei kubwa zaidi. Hili limewahi kumshangaza mnunuzi wa LUKU kuliko bei ya vifaranga wenyewe.

Kuna pia balbu zilizopakwa utando wa plastiki isiyonata, ule wa kwenye vikaango, ili kioo kikipasuka vipande visitawanyike. Utando huo ukipata joto kali hutoa mvuke unaoua ndege kwa muda mfupi, ingawa watu waliomo chumbani huenda wasihisi kitu. Ukiona maandishi yanayotaja Teflon au PTFE, usiitumie balbu hiyo karibu na kuku.

Umeme unapokatika na unaporudi

Umeme ukikatika usiku, kaya nyingi huingiza jiko la mkaa karibu na bruda. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kuku na huua watu waliolala. Badala yake tumia madumu ya maji ya moto yaliyofungwa vizuri na kuviringishwa magunia. Dumu la lita 20 huhifadhi joto kwa saa kadhaa, na vifaranga hulizunguka kama mama yao. Zima swichi ya taa mara umeme unapokatika. Usipoizima, umeme utarudi saa tisa usiku watu wakiwa usingizini, na vifaranga watapata joto la taa na la madumu kwa pamoja.

Moto ukitokea, kata umeme kwenye swichi kuu kwanza. Usimwage maji juu ya taa ambayo bado ina umeme. Watoe watu nje, kisha piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtu aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20 na apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno na mafuta visipakwe kwenye jeraha.

Haki za mnunuzi

Kabla ya kulipa, angalia kama balbu na holda vimeandikwa volti 220 hadi 240, idadi ya wati na jina la mtengenezaji, na kama vina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Maandishi yanayofutika kwa kidole ni ishara mbaya. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, hata kwa bidhaa ya bei ndogo, na uitunze pamoja na boksi.

Balbu ikipasuka yenyewe au holda ikiyeyuka ndani ya matumizi yaliyoandikwa, rudi dukani. Bango lisemalo "mali ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei mnunuzi haki yake anapouziwa bidhaa yenye kasoro. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda. Muuzaji akikataa, lalamiko la kibiashara na la bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, na la ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Yote huandikwa kwa lugha ya kawaida, bila wakili: ulinunua nini, wapi, lini, kwa bei gani, ulikifunga vipi, na nini kilitokea. Usitupe mabaki. Holda iliyoyeyuka, vipande vya balbu, boksi na picha ya mahali ilipokuwa imefungwa, viwekwe pamoja katika mfuko mmoja mkavu mpaka shauri lako lisikilizwe.